Visiwa vya Isangi: Watu wa Maji, Watu wa Pori na Soko Lililowaunganisha

Ukitoka Kisangani kwa mtumbwi na kushuka Mto Kongo, unapita Yakusu, unapita Yangambi upande wa kuume, kiisha kilometa 125 hivi unafika Isangi, pale Lomami unapomwaga maji yake. Mto Lomami umetoka mbali, huko kusini karibu na Kamina, ukishuka sambamba na Lualaba mpaka kwetu. Na njia nzima hiyo kuko visiwa. Vingine ni virefu na vyembamba, mtu anaweza kufikiri ni ngambo ya pili ya mto, kumbe ni kisiwa na nyuma yake kuna mto mwingine. Vingine ni mchanga tu ambao unaonekana maji yakipungua na kupotea yakirudi.

Mara nyingi tunapoandika historia ya wilaya zetu tunaanza na udongo: kijiji fulani, mupaka fulani, chifu fulani. Kwa Isangi, kuanza namna hiyo ni kuanza upande wa nyuma. Hapa maji ndiyo yalipanga watu.

Tuseme kwanza juu ya maji yenyewe. Tuko karibu kabisa na ikweta, mvua ya Yangambi ni milimita 1,800 hivi kwa mwaka, na hakuna kiangazi cha kweli kama kule Katanga. Lakini mto una majira yake. Unajaa sana mwisho wa mwaka, mwezi wa 11 na wa 12, unapungua, unajaa tena kidogo katikati ya mwaka, unapungua tena. Maji yakipanda, pori la kisiwani linaingiwa na maji na samaki wanaingia kati ya miti kula na kuzaa. Yakishuka, samaki wanatafuta njia ya kurudi, na hapo ndipo mtu anawangoja: mfereji unafungwa kwa ukuta wa fito, mitego inawekwa, na yale madimbwi yanayobaki, akina mama wanayachota kwa vikapu mpaka ngolo wanabaki kwenye matope. Kwa hiyo kisiwa si shamba na si kijiji. Ni mahali pa kukaa kwa kipindi, na faida yake inakuja na kuondoka pamoja na maji.

Walokele ndio waliojulikana zaidi kama watu wa maji. Vijiji vyao vilipangwa kandokando ya mto, nyumba kwa mstari mrefu, mitumbwi mbele. Nyuma yao, kaskazini, wako Waturumbu. Kusini na juu ya Lomami wako Watopoke. Wako na Wafoma, na Wambole wanaoendelea mpaka Opala. Hawa ni watu wa pori: muhogo, ndizi, mawese, nyama ya kuwinda. Tafadhali msomaji asichukue majina haya kama kuta. Kuna familia za Kilokele zenye bibi Mturumbu tangu zamani, na kuna Watopoke wanaovua kama mtu yeyote. Majina yamekauka baadaye, na tutaona namna gani.

Mvuvi hali samaki peke yake, na mwenye shamba hali muhogo peke yake. Ndiyo sababu ya soko. Siku zilizopangwa, watu wa pori walishuka na mizigo mpaka kando ya maji, na watu wa maji walifika na samaki wabichi na samaki wa moshi. Waliobeba soko hilo hasa ni wanawake. Mke wa mvuvi alikuwa na mteja wake wa pori, ambaye naye alikuwa binti wa mteja wa mama yake. Ukifikiri vizuri, amani ya mto huu ililindwa na wanawake hawa kuliko na machifu, maana wanaume wakipigana, soko linafungwa, na soko likifungwa pande zote mbili zinalala na njaa. Na hata baadaye, mji wa Stanleyville ulipokua, ni mitumbwi ya Walokele iliyoulisha samaki, muhogo na ndizi.

Habari ya soko, ya kifo, ya mgeni anayekuja, ilipita kwa ngoma ya mti uliochimbwa. Watu wengi walioandika juu ya ngoma hii walidhani ni alama za siri. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyefika mwaka wa 1938, alieleza katika kitabu chake cha 1949 kwamba ngoma inasema lugha yenyewe. Kilokele kina sauti ya juu na ya chini, na ngoma ina midomo miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Lakini maneno mengi yana sauti sawasawa, kwa hiyo mpigaji hasemi neno moja, anasema sentensi nzima ya kulitambulisha, na kila mtu ana jina lake refu la ngoma. Juu ya maji usiku, sauti hiyo inaweza kufika kilometa 10, na kijiji kinachofuata kinaipokea na kuipeleka mbele. Stanley alipopita hapa siku za mwisho za mwezi wa kwanza 1877, habari zake zilimtangulia hivyo hivyo. Tarehe 1 mwezi wa 2 alikuta mitumbwi ya vita inamngoja kwenye mdomo wa Aruwimi.

Nyuma ya Stanley wakaja Wangwana wa Tippu Tip, ambao watu wa mto waliwaita Matambatamba. Mwaka wa 1883 Stanley alirudi kutoka chini na kukuta vijiji vimechomwa kati ya Aruwimi na maporomoko, na kambi ambayo alihesabu mateka zaidi ya 2,000. Mwezi wa 12 wa mwaka huo akaacha kituo chake kwenye kisiwa cha Wana Rusari, karibu na mji wa sasa. Kituo hicho kilipotea mwaka wa 1886, na mwaka uliofuata Tippu Tip mwenyewe akafanywa gavana wa Leopold II kwenye maporomoko. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilimaliza utawala wao. Askari wa Chaltin walipanda Lomami mwaka wa 1893. Hatuwezi kuipaka sukari historia hii. Lakini mpunga tunaolima ulienezwa huku na watu hao, na Kiswahili ninachoandikia hapa kilishuka mto kwa mitumbwi yao. Mjukuu wa aliyekamatwa na mjukuu wa aliyekamata wanasalimiana leo kwa lugha moja.

Mpira wa pori ulikuja na Kampuni ya Lomami, iliyoanzishwa 1898, na hapo watu wa pori waliteseka kwa namna yao. Tuende mbele mpaka mwaka wa 1933, kwa sababu hapo ndipo kuna jambo ambalo tumelisahau.

Katika mwezi mmoja, mwezi wa 12 mwaka wa 1933, serikali ya Wabeleji ilitoa maamuzi mawili. Moja lilipanga upya watu katika machifu na masekta. La pili liliunda INEAC, ambayo ilifanya Yangambi kuwa kituo kikubwa cha kuchunguza kilimo. Yangambi ilifanya kazi ya kweli: ni pale Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka wa 1941 namna unene wa ganda la ngazi unavyorithiwa, na mashamba ya michikichi duniani, mpaka Malesia, yanafuata elimu hiyo. Lakini angalia: uamuzi wa kwanza ulimfunga kila mtu kwenye kipande cha udongo na jina moja la kabila, na wa pili ulichunguza udongo huo. Maji hayakuwa na sekta. Mfereji wa samaki uliotumiwa na vijiji viwili kwa mapatano ulipaswa sasa kuwa wa mmoja. Kisiwa ambacho mto unakikata huku na kukijenga kule kilipaswa kukaa kwenye karata.

Uhuru haukurekebisha jambo hilo. Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na kwamba haki za wenyeji zitapangwa na ordonansi ya Prezida. Miaka ikapita bila ordonansi hiyo kutoka. Tangu 2014 jamii inaweza kuomba karatasi ya pori lake mpaka hekta 50,000. Ni vizuri, lakini karatasi ile ilifikiriwa kwa ajili ya pori, yaani miti iliyosimama mahali pamoja.

Wakati huohuo watu wameongezeka, na wavuvi kutoka mbali wanapiga kambi visiwani bila kuuliza mtu. Wengine wanakokota chandarua cha mbu kwenye maji madogo, wanatoa watoto wa samaki ambao hawajafika urefu wa kidole. Kijana wa kijiji akiwakataza, wanamuuliza: karatasi yako iko wapi? Naye hana jibu, sababu babu yake hakuhitaji karatasi. Babu alikuwa na mapatano. Aliyekuwa na mfereji alijulikana, mgeni aliomba kabla ya kutega, na sehemu ya samaki ilirudi kwa mwenye mahali.

Kesi za visiwa zinapofika mbele ya chifu wa sekta, kila upande unaleta jina la kabila, maana ndilo neno pekee ambalo ofisi inaelewa tangu 1933. Wanaume wanaitwa kutoa ushahidi. Sijaona mtu akiwaita wale mama wazee wa sokoni, ambao wanaweza kutaja kijiji gani kilivuka kwenda kisiwa gani, mwezi gani wa maji, na samaki wake waliuzwa kwa nani.