Kihamba na Shamba la Chini



Katika furaha ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu, yafaa tukumbuke kwamba ushirika wa Uchagani umetokana na nchi yenyewe jinsi ilivyo.

Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, umepangika kama ngazi. Juu kabisa ni mawe na theluji. Kisha msitu utunzao maji. Chini ya msitu, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, ndipo penye vihamba. Chini zaidi ni tambarare kavu. Wazee wetu waliitumia nchi ya juu na ya chini kama mali moja. Kihambani walipanda migomba, wakafuga ng'ombe zizini, wakachimba mifongo ya kuleta maji kutoka mabonde ya juu. Tambarareni walilima mahindi na maharage. Akina mama walirudi na mizigo ya mabua na majani. Ng'ombe wakala, na samadi ikaenda migombani. Hivyo udongo haukuchoka.

Kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, haikuvunja utaratibu huo, kwa kuwa ilipandwa katika kivuli cha migomba. Walowezi walipinga Mwafrika kuilima. Basi mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kuilinda, na mwaka 1933 ikazaliwa K.N.C.U. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika; sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha.

Lakini ardhi haizai ardhi. Kihamba cha babu kimegawiwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Sisi makatibu twayaona hayo daftarini: palipokuwa jina la baba mmoja sasa pana majina ya wanawe, wala uzito wa kahawa haukuzidi. Nayo mashamba ya chini yanakatwa viwanja na kuuzwa. Anayeuza shamba la chini amekiondolea kihamba chake chakula na majani ya ng'ombe.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu: kabla ya kuuza, shaurianeni nyumbani. Tung'oe mibuni iliyozeeka, tupande mipya. Tuizibue mifongo iliyoachwa. Mfongo haukuchimbwa na mtu mmoja, wala hausafishwi na mtu mmoja. Huo ndio ushirika tulioukuta kabla ya daftari na mizani.