Green Flake, Mtumwa Aliyetangulia Kufungua Njia

Twasoma mara nyingi habari za wazee walioanzisha vijiji na mashamba katika nchi mpya. Majina ya watumwa waliofanya kazi pamoja nao hayasomwi sana. Basi na tusimulie leo habari za mmoja wao, Green Flake.

Alizaliwa mwaka 1828 katika North Carolina, nchi ya Marekani, naye alikuwa mtumwa tangu kuzaliwa. Bwana wake, James Flake, alijiunga na Wamormoni, na Green naye akabatizwa mwaka 1844, akiwa kijana wa miaka 16. Wamormoni walichukiwa sana siku zile. Mwaka huo huo kiongozi wao, Joseph Smith, aliuawa, na mwaka 1846 wakafukuzwa katika mji wao wa Nauvoo. Wakakusudia kwenda magharibi, mbali na adui zao, wapate kuabudu kwa amani.

Mwezi wa Aprili 1847 Brigham Young aliongoza msafara wa kwanza: wanaume 143, wanawake 3 na watoto 2. James Flake hakwenda. Alimtuma Green pamoja na gari lake na nyumbu. Kulikuwa na watumwa watatu katika msafara ule. Lo! Watu waliokimbia kuonewa walichukua watumwa pamoja nao.

Green aliwekwa katika kundi lililotangulia, ambalo kazi yake ilikuwa kukata miti na kuondoa mawe ili magari yapite milimani. Tarehe 22 Julai kundi hilo liliingia bonde la Salt Lake, siku mbili kabla ya Young. Nchi ile haikuwa tupu, maana makabila ya Waute na Washoshone waliishi huko. Udongo ulikuwa mkavu, hata majembe ya kukokotwa yakavunjika. Basi wakaziba kijito, maji yakaenea shambani, ardhi ikalainika, wakapanda viazi. Kisha Green akamjengea bwana wake nyumba, na jamaa ya Flake wakafika mwaka 1848.

James alikufa California mwaka 1850, na mwaka uliofuata mjane wake akahamia huko. Green alibaki Utah. Mwaka 1852 sheria ya Utah ilikubali utumwa, na mwaka 1854 mjane yule akaomba Green auzwe, apate fedha, lakini hakuuzwa. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilikomesha utumwa katika majimbo kama Utah. Green alilima Union, kusini ya mji wa Salt Lake, pamoja na mkewe Martha, aliyezaliwa mtumwa vilevile. Walipata watoto wawili.

Kanisa lake liliwanyima watu weusi ukuhani hata mwaka 1978. Hata hivyo Green hakuiacha imani yake. Mwaka 1897, katika sikukuu ya miaka 50, aliheshimiwa pamoja na watangulizi wengine waliokuwa hai. Alikufa mwaka 1903, akazikwa Union karibu na Martha. Mwaka 2022 sanamu yake ilisimamishwa katika bonde lile.

Wahenga walinena: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Green ilikawia kutolewa. Basi na sisi, tunaposimulia asili ya vijiji vyetu, tusiulize tu ni nani aliyeongoza, bali tuulize pia ni nani aliyelima.