Bosi Akisafiri, Mbwa Anabaki na Nani?

Tuanze na umbea kidogo, maana ndio uliotukutanisha hapa. Mwaka 1968 nyota mmoja wa Hollywood, yule mama mwenye macho ya zambarau na ndoa nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja, alikuwa London pamoja na mume wake aliyekuja kucheza filamu. Jina tunalo, tunalihifadhi. Mama alikuwa na mbwa wake wadogo asiotaka kuachana nao hata siku moja. Tatizo ni kwamba Uingereza ya wakati huo mbwa yeyote anayetoka nje alitakiwa afungiwe karantini miezi 6 kwanza. Basi mama akafanyaje? Wakakodi boti ya kifahari, ikatia nanga mto Thames, mbwa wakaishi humo. Kwa kuwa hawakukanyaga nchi kavu, sheria haikuwahusu. Boti nzima na mabaharia wake, kwa ajili ya mbwa!

Stori hii huwa inasimuliwa kama kituko cha matajiri, tunacheka, tunapita. Lakini ukiitazama vizuri, mwanamke mwenye hela za kununua karibu chochote alikuwa amekwama kwenye swali lilelile linalomkuta kila anayehama au kusafiri nje: nyumba na mnyama nawaachia nani? Na swali hilo lina historia ndefu, tena kipande chake kikubwa kimepita hapahapa kwetu, jikoni.

Kwanza hiyo karantini. Waingereza hawakuitunga kwa roho mbaya. Walihangaika na kichaa cha mbwa kwa miaka mingi, wakalazimisha mbwa wafungwe midomo barabarani, wakabana bandarini, na kufikia mwaka 1902 wakafanikiwa kukimaliza. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika mwisho, mwaka 1918, ugonjwa ukarudi. Lawama ziliwaangukia wanajeshi waliorejea na mbwa waliowaokota vitani na kuwaingiza kwa magendo. Ilichukua mpaka 1922 kuufuta tena. Kwa hiyo wakakaza. Sisi tunaotoka sehemu ambazo mtoto aking'atwa ukoo mzima unazunguka hospitali kutafuta chanjo, hatuna sababu ya kuwacheka.

Miezi 6 hiyo iliendelea mpaka mwaka 2000, ndipo mbwa na paka wa Ulaya wakaanza kuingia kwa chanjo, chipu ya chini ya ngozi na hati zao za kusafiria. Australia wenyewe hawajalegeza sana hadi leo. Mwaka 2015 yule mwigizaji wa filamu za maharamia alifika huko kwa ndege binafsi, na mbwa wawili wadogo wakaingia nchini bila kutajwa kwenye fomu. Waziri wa kilimo akatoka hadharani na kusema mbwa waondoke, la sivyo watauawa. Mbwa wakapandishwa ndege fasta. Mwaka uliofuata mke wake wa wakati huo alikiri mahakamani kwamba fomu ilijazwa uongo, na wote wawili wakatoa video ya kuomba radhi. Kama umewahi kuiona, unajua ni video ya watu walioonekana kana kwamba wameshikiwa fimbo.

Sasa tuache mastaa, maana kuna tukio ambalo mtu akishalisoma hawezi kulisahau.

Agosti 1939, London. Kila mtu anajua vita inakuja. Watoto wanaandaliwa kupelekwa mashambani, vijana wanasubiri kuitwa jeshini, familia zinafunga nyumba. Kamati iliyoundwa kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya anga ikatoa tangazo la ushauri kwa wenye mbwa na paka. Ujumbe wake kwa ufupi: mpeleke mnyama wako mashambani mapema, kama huwezi, na kama huna jirani wa kumkabidhi, basi huruma kubwa ni kumuua. Kwenye tangazo hilohilo kulikuwa na picha ya bastola maalumu ya kuulia wanyama.

Vita ikatangazwa tarehe 3 Septemba. Nje ya kliniki za wanyama ikapangwa foleni, watu wameshika kamba za mbwa na vikapu vya paka. Wanahistoria wanakadiria kwamba ndani ya wiki ya kwanza tu, London peke yake, waliuawa paka na mbwa wapatao 400,000. Hakuna bomu lililokuwa limeanguka. Hakuna askari aliyegonga mlango kumlazimisha mtu. Mabomu yenyewe yalikuja mwaka mmoja baadaye, Septemba 1940, na wakati huo watu wengi walikuwa wameshajuta.

Mimi hiyo sentensi ya jirani ndiyo inanisumbua. Maana yake uhai wa mnyama ulisimama kwenye kitu kimoja tu: je, unamjua mtu mmoja unayeweza kumwachia? Aliyekuwa naye, paka alipona. Mtukufu mmoja, mke wa duke wa Uskochi, aliamua kuwa jirani wa watu asiowajua. Alikusanya mamia ya mbwa na paka kutoka London akawapeleka kwenye jumba lake la Wiltshire. Wenzake walimwona kama mtu mwenye mambo yake, maana tangu zamani alikuwa anapigania wanyama. Lakini hesabu ya waliopona ilikuwa upande wake.

Kabla ya hapo matajiri wa London hawakuwa na shida hii kabisa. Familia ikienda kijijini kwake miezi kadhaa, wafanyakazi wachache wanabaki kwenye jumba la mjini, wanapewa hela ya chakula juu ya mshahara, wanafunika viti kwa mashuka, wanalisha paka, wanazuia wezi. Hakuna aliyewapa cheo cha pekee kwa kazi hiyo. Walikuwa watumishi tu, na kukaa na nyumba ya mtu ni sehemu ya utumishi.

Na utumishi huo ndio uliosafiri kuja huku.

Maofisa wa kikoloni wa Kenya na Tanganyika walikuwa wanafanya kazi miaka miwili mitatu, halafu wanapewa likizo ndefu ya kwenda kwao. "Bwana kaenda Ulaya." Safari ya meli peke yake inakula wiki kadhaa kwenda na kurudi. Sasa piga hesabu: mbwa akipelekwa Uingereza anafungiwa miezi 6, wakati likizo yenyewe ilikuwa ni ya miezi tu. Mbwa anabaki. Anaweza kupelekwa kwa Mzungu mwenzake, sawa, lakini anayemsongea ugali, anayemtoa kupe, anayeamka usiku akibweka, ni mpishi, shambaboi, au yule aliyeitwa "boi" hata kama ana miaka 50 na wajukuu nyumbani.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Wengi wa wapishi na wasimamizi wa nyumba hizo walikuwa Waislamu, watu wa pwani au Wasomali. Kwa mafundisho ya Shafii yanayofuatwa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Paka hana neno, analala hadi kwenye mkeka wa kuswalia. Lakini mbwa? Mtu huyo anaishi na mbwa wa bosi mwaka mzima, na bado ana swala tano. Yule mwandishi mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, ambaye nyumba yake leo ni makumbusho Nairobi, alikuja Afrika mwaka 1914 na kufuga mbwa wakubwa wa Kiskoti ndani ya nyumba. Msimamizi wa nyumba hiyo alikuwa Msomali Mwislamu, akakaa naye mpaka shamba lilipouzwa mwaka 1931. Mbwa wamesifiwa kwenye kitabu chake kwa ukurasa mzima mzima. Msimamizi naye amesifiwa sana. Ila amesifiwa na bosi. Yeye mwenyewe alionaje kukaa na mbwa wale, hilo hatukuachiwa.

Tena uaminifu ulikuwa unapimwa kwa karatasi. Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa kipande shingoni kwenye kikopo cha bati: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kuachishwa. Bosi asiposaini kwamba amekuachia, unahesabika mtoro. Juu ya hapo kulikuwa na barua ya sifa: huyu anapika vizuri, huyu haibi, huyu anapenda wanyama. Barua mbaya moja inafunga milango ya mji mzima.

Nimeikumbuka hiyo barua majuzi nilipokuwa naperuzi ile mitandao ya kukaa na nyumba za watu. Mnaijua. Iliibuka miaka ya 2000, na mmoja mkubwa ulianzia Brighton, Uingereza, mwaka 2010. Unalipa ada ya mwaka, unaweka picha umekumbatia paka, mwenye nyumba anakuchagua, anasafiri, wewe unalala kwake bure. Hakuna mshahara. Kinachokubeba ni nyota na maneno ya wenye nyumba waliopita: huyu msafi, huyu haibi, huyu anapenda wanyama. Tofauti kubwa ni kwamba siku hizi na wewe unaweza kumpa mwenye nyumba nyota zake, na hiyo si tofauti ndogo.

Wadau wengi wa ughaibuni wananiambia ni dili. Mwanafunzi anayelipa kodi ya kuumiza mjini anapata wiki tatu kwenye nyumba yenye bustani, kazi ni kumtembeza mbwa asubuhi na jioni. Sibishi. Lakini swali la ni kazi au si kazi, ambalo wapishi wetu walijibiwa kwa kipande, bado lipo mpakani. Mwaka 2022 dada mmoja wa Australia alipitia Los Angeles akielekea Canada kukaa na paka wa mtu. Maofisa wakamhoji, wakagundua kwamba hata Marekani alishawahi kukaa na wanyama wa watu ili apate pa kulala. Kwao hayo ni malipo, na aliyeingia kama mtalii haruhusiwi kulipwa. Wakamrudisha kwao. Mwaka 2025 binti wa Uingereza aliyekuwa anasaidia kazi za nyumbani kwa wenyeji wake ili apate chumba alikaa kizuizini siku 19 huko Marekani kabla ya kurudishwa. Hao wote wana pasipoti ambazo hazihitaji hata usaili wa viza kwenda kutalii. Wewe uliyepanga foleni ubalozini na bahasha ya taarifa za benki, usimwambie ofisa "nakuja kukaa na paka" kama unatania.

Na kabla hatujamaliza kuwasema Wazungu, tuangalie Bunju, Goba, Kigamboni. Nyumba ngapi nzuri mle wenyewe wako Minnesota, Reading au Muscat? Geti jeusi, tenki juu, mbwa wawili wakali. Aliyemo ni kijana aliyeletwa kutoka mkoani, anakaa chumba cha uani, haruhusiwi kuwasha AC ya nyumba kubwa. Kila Jumapili anapiga picha: maua yapo, gari limefunikwa, mbwa wazima. Anatuma WhatsApp. Mshahara na hela ya chakula cha mbwa vinakuja pamoja kwenye simu, muamala mmoja, na bosi akichelewesha, anayegawa kilichobaki kwenye sufuria ni yeye. Kwenye simu ya bosi namba yake imeseviwa "Kijana Bunju".