Soko Dogo la Wachoraji wa Paris

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya uchoraji wa kisasa yatuonya tuipime methali hii kabla ya kuitumia, maana picha nyingi zinazosifiwa leo hazikujiuza.

Mwaka 1908 Georges Braque alipeleka picha zake za mandhari katika maonyesho ya vuli ya Paris, na waamuzi wakazikataa nyingi. Mwezi wa Novemba alizionyesha katika duka dogo la Daniel-Henry Kahnweiler, kijana wa Kijerumani aliyelifungua mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 23.

Wateja wa duka hilo walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Sergei Shchukin, mfanyabiashara wa nguo wa Moscow. Walakini wachache hao walinunua bila kuchoka, na kwa sababu yao Kahnweiler aliweza kufunga mikataba na wachoraji. Mkataba wake na Pablo Picasso, wa Desemba 1912, ulikuwa wa miaka 3. Bei zilipangwa kwa ukubwa wa picha, na Picasso mwenyewe ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua kama picha imekwisha. Naye, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa, alijifunga asimwuzie mtu mwingine.

Tazama basi matokeo yake. Mchoraji mwenye hakika ya kuuza hakulazimika kuupendeza umati wala kuwanyenyekea waamuzi. Aliweza kulivunja umbo la gitaa au la uso na kulipanga upya, kama tuonavyo katika mtindo wa Kubizimu. Soko halikubuni mtindo huo, bali liliwapa wabunifu wake muda na riziki.

Vita vya 1914 vilileta jaribio kali. Serikali ya Ufaransa ilitwaa mali ya Kahnweiler kuwa ni mali ya adui, na kati ya 1921 na 1923 mamia ya kazi hizo zilipigwa mnada. Picha zilikuwa zile zile, na wachoraji wale wale. Lakini zilipomwagwa sokoni kwa wingi, bei zilianguka.

Kwa hiyo anayeuliza kama soko huikuza sanaa au huidhuru, hana budi kueleza kwanza asema juu ya soko gani: la wachache wenye subira, au la mnada wenye haraka.