Kwa Nini Ndege Si ya Stenlesi?

Leo tuweke programu kando tuzungumze habari za metali. Jikoni kwako huenda kuna sufuria ya alumini na kijiko cha stenlesi, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu. Sufuria ni nyepesi lakini hubonyea upesi. Kijiko ni kizito kwa umbo lake, na hudumu miaka. Je, ungeambiwa ujenge ndege, ungechagua ipi?

Kwanza historia kidogo. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba kama asilimia 4 na magnesiamu kidogo, ikipashwa moto na kupozwa ghafla, huendelea kuwa ngumu yenyewe kwa siku kadhaa. Aloi hiyo ikaitwa duralumini. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Alitia kromiamu karibu asilimia 13, akapata chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kromiamu hukifunika kwa utando mwembamba usioonekana.

Sasa tulinganishe. Mita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa kilo 2,700 hivi. Ya stenlesi ni karibu kilo 7,900. Stenlesi ni nzito mara tatu, lakini pia ni ngumu kupinda mara tatu. Utasema basi ni sare. La! Chukua mabati mawili yenye ukubwa na uzito sawa. La alumini litakuwa nene mara tatu, na unene una nguvu ya ajabu: ukiuzidisha mara tatu, ugumu wa kupinda huongezeka mara 27. Hesabu ya mwisho ni kwamba bati la alumini litakuwa gumu kupinda karibu mara 9 kuliko lile la stenlesi. Ngozi ya ndege ni bati jembamba, kwa hiyo alumini ikashinda.

Lakini alumini ina udhaifu wake, nao ni uchovu. Kunja waya na kuukunjua mara nyingi, mwishowe utakatika hata kama hukutumia nguvu nyingi. Chuma cha pua kwa kawaida kina kiwango ambacho, mzigo ukiwa chini yake, kitavumilia mamilioni ya mikunjo. Alumini haina kiwango dhahiri cha namna hiyo. Hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, utaleta ufa.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet yenye namba G-ALYP iliondoka London kwenda Johannesburg, ikipitia Entebbe. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili Comet nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples na watu 21.

Huko Farnborough wahandisi walitumbukiza Comet nzima kwenye tangi la maji, wakawa wanaisukumia maji ndani na kuyapunguza, kuiga jinsi hewa inavyoutanua mwili wa ndege kila inaporuka. Baada ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza zikijumlishwa, mwili ulichanika, ufa ukianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa ubavuni.

Je, waliitupa alumini? Hapana. Walibadilisha madirisha, wakaongeza unene wa ngozi, na mwaka 1960 East African Airways yetu ilianza kurusha Comet 4, ya alumini vile vile. Stenlesi nayo ilipata nafasi yake: Bristol 188, ndege ya majaribio iliyoruka mwaka 1962, ilijengwa kwayo ili kustahimili joto la mwendo mkali. Kuilehemu kulisumbua, mafuta yaliisha upesi, na mradi ukafungwa bila kufikia mara mbili ya mwendo wa sauti. Concorde, ya alumini, ilifika, lakini ikawekewa mpaka hapo hapo ili ngozi yake isipate joto kupita kiasi.

Ndiyo maana tangu mwaka 2019 SpaceX inajenga roketi ya Starship kwa stenlesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na hulegea mapema zaidi. Stenlesi huvuka 1,400.

Kwa ndege za abiria, dawa ya uchovu ilikuwa kuhesabu. Kila kuruka na kutua huandikwa, ukaguzi wa nyufa hufuata hesabu hiyo, na idadi ikifika mwisho ndege hustaafu, hata kama inang'aa. Ukipanda ndege tena, tazama kona za dirisha lako. Zimeviringwa. Sasa unajua ni kwa nini.