Chaneli za nyumbani, ungo wa mbali: historia ya mtazamaji asiyeulizwa

Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliziagiza kampuni za televisheni ya satelaiti, yaani DStv, Azam na Zuku, ziondoe kwenye ving'amuzi vyao chaneli za ndani ambazo mwananchi anapaswa kuzitazama bure. Sababu ilikuwa ya kisheria. Leseni za kampuni hizo zilikuwa za kuuza matangazo kwa malipo, ilhali vituo kama ITV, Channel Ten, Star TV, EATV na Clouds TV vilikuwa na leseni ya kumfikia mwananchi bila kumtoza. Kituo cha bure kikiwekwa ndani ya kifurushi, na kifurushi kikiisha kikazimika pamoja na vingine, mwananchi anakuwa amelipishwa kitu ambacho ni haki yake.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo, matokeo yake sebuleni yalikuwa kinyume cha kusudio. Mteja aliyekwisha kulipia mwezi mzima alibaki na ligi za Ulaya, filamu za Marekani na tamthilia za ng'ambo, huku taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka vituo vilivyoondolewa ikiwa imetoweka. Aliyetaka vyote viwili ilimbidi anunue king'amuzi cha pili. Aliyekaa mbali na minara ya kidijitali hakuwa na hata njia hiyo.

Ili kuelewa tulifikaje hapo, turudi nyuma miaka mingi, kwa kuwa mvutano wa chaneli za ndani na ungo wa satelaiti una mizizi mirefu, na haukuanzia Tanzania.

Kutoka chenga hadi futi sita

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika bado zilikuwa zinatazama picha nyeusi na nyeupe, au hazikuwa na televisheni kabisa. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine. Serikali iliona televisheni ni anasa ya wachache wa mjini, ikaweka nguvu kwenye redio, ambayo ilimfikia mkulima wa Songea na mvuvi wa Ukerewe kwa betri chache tu. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, na KTN ikaja kuwa kituo cha kwanza cha binafsi nchini humo mwaka 1990.

Bara ilifungua mlango kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993. Mwaka uliofuata ITV ya Reginald Mengi ilianza kurusha matangazo, vikafuata vituo vingine vya binafsi. Serikali yenyewe ilikuja nyuma yao: Televisheni ya Taifa, TVT, ilianza mwaka 2000, nayo ndiyo iliyokuja kuwa TBC. Kutoka Mwanza, Star TV ikaonyesha kwamba kituo cha kitaifa kinaweza kuzaliwa nje ya Dar es Salaam.

Tatizo lilikuwa masafa. Mnara wa analojia unarusha mawimbi yanayokwenda moja kwa moja. Yakikutana na mlima au umbali mkubwa, yanakatika. Katika nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 900,000, kituo kingehitaji minara mingi mno ili kifike kila wilaya. Wakazi wa pembezoni mwa miji waligeuza antena huku na huku wakiambulia chenga. Wa vijijini hawakupata hata hizo.

Hapo ndipo satelaiti ilipokuja kuwa mkombozi wa televisheni ya nyumbani. Vituo vya Tanzania vilipandisha mawimbi yao angani ili yashuke nchi nzima, na watu wakajifunga mkanda wakanunua madishi makubwa, ya futi sita au ya futi nane, pamoja na risiva. Fundi alilielekeza dishi panapotakiwa, kisha mwenye nyumba akatazama TBC, ITV, Star TV na Channel Ten bila kulipa kifurushi chochote. Katika miji midogo na vijiji vingi, ungo mkubwa uani au juu ya bati ulimaanisha kwamba mwenye nyumba hiyo anapata habari za nchi yake. Jambo hili husahaulika kila inaposemwa kwamba satelaiti ni ya chaneli za kigeni na mnara ni wa chaneli za ndani. Kwa Watanzania wengi wa mbali na miji, chaneli ya ndani ilishuka kutoka angani.

Ungo mdogo na kifurushi

Sambamba na madishi hayo ya bure ilikua biashara nyingine. Mwaka 1995 MultiChoice ya Afrika Kusini ilizindua DStv, huduma ya kidijitali inayopokelewa kwa ungo mdogo na king'amuzi chenye kadi. Kwa miaka mingi ilikuwa ya hoteli, baa kubwa na familia zenye uwezo. Kilichowavuta wateja kilikuwa mpira wa Ulaya na filamu. Chaneli za nyumbani zilikuwa nyongeza.

Kuna sababu za kiufundi na za kibiashara zilizofanya iwe hivyo. Satelaiti moja huangazia nchi nyingi kwa pamoja, na nafasi ndani yake hukodishwa kwa fedha nyingi. Chaneli ya mpira wa Uingereza inauzika Lusaka, Kampala na Dodoma kwa wakati mmoja. Chaneli ya Mwanza inatafutwa Tanzania tu, lakini nafasi inayochukua angani ni ileile. Lipo pia suala la haki: kituo cha Tanzania kikinunua haki ya kuonyesha mashindano ndani ya Tanzania pekee, mawimbi yake yakimwagika nchi jirani, mwenye haki huko atalalamika. Kwa hiyo kampuni ya satelaiti, ikiachiwa kuamua yenyewe, itabeba chaneli chache za ndani, na itazibeba pale tu zinapoongeza wateja.

Azam TV, ya kundi la Bakhresa, ilibadilisha hesabu hizo ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2013. Ilijenga biashara yake juu ya kitu cha ndani: Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mashabiki wa Simba na Yanga waliokuwa wakitegemea redio waliiona timu yao wakiwa nyumbani. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilisaini mkataba wa miaka kumi na Shirikisho la Mpira wa Miguu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ikathibitika kwamba Mtanzania yuko tayari kulipia ungo kwa ajili ya mambo ya kwao.

Analojia yazimwa

Mwaka 2006, mkutano wa Shirika la Mawasiliano Duniani uliofanyika Geneva ulipanga kwamba nchi zihame kutoka analojia kwenda dijitali kabla ya 17 Juni 2015. Tanzania haikusubiri. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013.

Kuanzia hapo, vituo viliacha kurusha mawimbi kwa minara yao wenyewe. Kazi hiyo ilipewa kampuni tatu zenye leseni ya miundombinu ya kidijitali: Star Media, iliyoundwa na TBC pamoja na StarTimes ya China, Agape Associates, wenye king'amuzi cha Ting, na Basic Transmissions. Masharti yalizitaka zibebe chaneli za ndani za bure, na mwananchi azione hata asipolipia kifurushi.

Wananchi wakalipokea neno "king'amuzi" na malalamiko yake kwa pamoja. Kubwa lilikuwa kwamba kifurushi kikiisha, chaneli za bure nazo zinazimika. Mtu aliyekuwa akitazama ITV kwa antena tangu miaka ya 1990 bila kutoa senti alishindwa kuelewa kwa nini sasa anaambiwa alipie. Malalamiko hayo, ambayo yalizihusu pia kampuni za satelaiti, ndiyo yaliyoandaa njia ya agizo la 2018.

Siku 19 za Kenya

Jirani zetu walipitia mvutano huohuo kwa ukali zaidi. Nchini Kenya, Shirikisho la Watumiaji, Cofek, lilikwenda mahakamani mwishoni mwa 2012 kupinga kuzimwa kwa analojia, likidai bei ya ving'amuzi ingewaacha nje wananchi wa kipato cha chini. Mwaka 2013 wakaingia wenye vituo wenyewe: Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group. Walitaka leseni ya kusambaza mawimbi yao wenyewe, na walilalamika kwamba kampuni za ving'amuzi za GOtv na StarTimes zinachukua chaneli zao bila idhini na kuzitumia kuvutia wateja wa kulipia.

Mahakama Kuu iliwakatalia Desemba 2013. Mahakama ya Rufani ikawapa ushindi Machi 2014. Tarehe 29 Septemba 2014 Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo, ikisema kwamba kanuni inayomlazimisha msambazaji kubeba chaneli za bure haivunji hakimiliki ya kituo. Wakati huohuo ilielekeza kwamba suala la leseni ya wenye vituo lishughulikiwe.

Vita havikuishia hapo. Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilizima mitambo ya analojia ya vyombo hivyo. Navyo vilikuwa vimekataa kupitia kwa wasambazaji wengine, vikisubiri mitambo yao ya kidijitali iwe tayari. Citizen, NTV, KTN na QTV vikapotea hewani kwa siku 19, hadi 4 Machi. Vituo vinavyotazamwa kuliko vyote nchini vikawa giza, si kwa mwenye antena tu, hata kwa aliyekuwa amelipia. Serikali ilikuwa na hoja yake, wenye vituo walikuwa na yao, na wasambazaji yao. Aliyekosa habari kwa siku hizo zote alikuwa mtazamaji, na hakuwa na kiti katika mazungumzo yao.

Marekani nako

Hata Marekani, ambako soko hili ni kongwe zaidi, wateja wa ungo waliteseka kwa miaka. Sheria ya 1988 iliruhusu kampuni za satelaiti kuleta mitandao mikubwa ya televisheni kutoka miji ya mbali, lakini kwa nyumba zisizofikiwa na antena pekee. DirecTV ilipoanza kuuza madishi madogo mwaka 1994, mteja alipata chaneli chungu nzima bila kituo cha mji wake. Wengi wakaletewa mitandao ya mbali kinyume cha sheria. Mwaka 1998 mahakama ya Miami ikaamua dhidi ya kampuni iliyokuwa ikiisambaza, na tishio la kukatiwa likawafanya wateja wawapigie kelele wabunge wao.

Kelele hizo zilizaa sheria mpya Novemba 1999. Iliruhusu kampuni za satelaiti kubeba vituo vya mji kwa ajili ya watu wa mji huo, na kuanzia 2002, kampuni iliyobeba kituo kimoja cha mji ikalazimika kuvibeba vyote vilivyoomba. Teknolojia ikafuata sheria: satelaiti mpya zenye miale finyu ziliweza kuelekeza chaneli za mji kwenye eneo lake tu, na nafasi ileile ikatumika tena kwingine. Ugumu wa kiufundi uliodaiwa haushindiki ulipata dawa pale sheria ilipomtanguliza mtazamaji.

Baada ya 2018

Kwetu, serikali baadaye ililegeza msimamo, na ving'amuzi vya satelaiti vikaruhusiwa tena kubeba chaneli za ndani. Leo mteja wa ungo anaziona. Ila kipindi kile kinabaki kuwa funzo, kwa sababu agizo lililolenga kulinda haki ya kutazama bure lilimnyima chaneli mtu aliyekuwa anazipata. Kosa la kampuni, kama lilikuwepo, lilikuwa kumzimia mteja chaneli za bure kifurushi kinapoisha. Dawa ya kosa hilo ilikuwa kuamuru zisizimwe. Kuziondoa kabisa kulimwadhibu mlalamikaji.

Historia yote hii, kutoka dishi la futi sita hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, inaelekeza kwenye kanuni chache ambazo nchi zetu zinaweza kuziandika wazi kwenye leseni. King'amuzi chochote kinachouzwa nchini, cha mnara au cha ungo, kibebe chaneli za kitaifa za bure. Chaneli hizo zibaki wazi siku kifurushi kinapoisha, mradi mteja amenunua kifaa. Kituo kisimtoze msambazaji, na msambazaji asimtoze kituo, kwa kuwa wote wawili wanafaidika: mmoja anapata watazamaji wa matangazo yake ya biashara, mwingine anapata mteja. Vituo vya mikoani navyo vitengewe nafasi, maana chaneli ya ndani ikiwa ni ya Dar es Salaam pekee, mtu wa Kigoma bado anatazama habari za mbali.

Zaidi ya yote, mtazamaji aulizwe kabla ya agizo kutolewa. Tanzania inalo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kwa sheria ileile ya 2003 iliyounda TCRA. Lipewe nafasi ya kusikika hadharani kila leseni ya ving'amuzi inapobadilishwa, na wananchi walitumie. Katika mvutano huu wa miaka yote, mwenye kituo, mwenye ungo na msimamizi wamekuwa wakitetea masilahi yao wenyewe. Mwananchi anayelipia kifurushi, kodi na umeme ana haki ya kutetewa vilevile, na haki yake ya kwanza ni kujua yanayotokea nchini mwake bila kujali ameweka king'amuzi cha nani.