MAWINGU YA JUU SANA NA MVUA ZA LUALABA

Mtu akisimama Kolwezi mwezi wa Oktoba na kutazama juu ya machimbo ya shaba, mara nyingi huona mawingu membamba, meupe, yaliyochambuliwa kama pamba. Mawingu hayo hayaleti mvua. Mkulima hayajali, maana yeye angojea lile wingu zito la radi, wala hatumlaumu. Lakini mawingu hayo mawili ni ndugu. Wingu la radi likipanda hata kufika kikomo chake, kichwa hutandaa kama fuawe la mhunzi, na vipande vyake huchukuliwa na upepo mbali sana. Wataalamu huyaita mawingu hayo membamba sirusi, neno la Kilatini lenye maana ya shungi la nywele. Aliyeyapa jina ni Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, na maandishi yake yalichapwa mwaka 1803.

Ndani yake hamna matone ya maji, bali chembe za barafu. Barafu juu ya Katanga, nchi ya jua kali! Jambo hili halikujulikana kwa kukisia. Ilibidi kwenda kulipima, na Afrika ya Mashariki ilikuwa mahali pa kwanza penye sifa katika kazi hiyo. Mwaka 1908 Wajerumani wawili, Arthur Berson na Hermann Elias, walitumwa kutoka kituo cha elimu ya hewa cha Lindenberg, karibu na Berlin. Berson hakuwa mgeni wa mambo ya juu: mwaka 1901 yeye na mwenzake Reinhard Süring walipanda kwa puto hata mita 10,800, wakazimia wote wawili, wakashuka wazima. Safari hii hakupanda mwenyewe. Juu ya Ziwa Victoria walirusha maputo yaliyochukua vyombo vya kuandika joto la hewa.

Vyombo viliporudi vilisema neno la ajabu. Huko Ulaya baridi huacha kuzidi kwenye kilomita kama 11. Hapa, karibu na ikweta, iliendelea kuzidi mpaka kilomita 17 na zaidi, hata ikapita nyuzi 80 chini ya sifuri. Basi juu ya nchi yenye joto ndipo palipo na hewa ya baridi kupita ya Ulaya! Sababu yake ni kwamba hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa nguvu, hupanuka, na kadiri inavyopanuka hupoa. Ndiyo maana mawingu yetu ni marefu kuliko ya Wazungu.

Tena yana kazi yake. Usiku wa Juni, mbingu zikiwa wazi, baridi ya Kolwezi huuma. Usiku wa mawingu huwa na nafuu. Wingu zito la chini hurudisha jua juu, likaipoza nchi. Sirusi nyembamba hupitisha sehemu kubwa ya jua, lakini huzuia joto la ardhi lisitoke, kama blanketi jepesi.

Je, dunia ikizidi joto, blanketi hilo litapungua au litaongezeka? Hapo mabingwa walishindana. Mwaka 2001 Richard Lindzen na wenzake walisema litajikunja, joto litoke. Mwaka uliofuata Dennis Hartmann na Kristin Larson walieleza ya kwamba vichwa vya mawingu vitapanda juu zaidi na kubaki na baridi ile ile, hivyo joto litazuiliwa zaidi. Ripoti ya mataifa ya mwaka 2021 ilikubali kupanda huko kwa uthabiti. Juu ya upana wa mawingu haikuwa na hakika. Vyombo vya angani, Meteosat tangu 1977 na CALIPSO kuanzia 2006 hadi 2023, vimesaidia sana, kwa kuwa huona wingu kwa juu.

Lakini haviwezi kuweka ndoo chini ya mvua. Wabelgiji walikuwa na vituo vingi vya kupimia mvua katika Kongo, vingine vikiangaliwa na wamisioni na wakulima. Baada ya 1960, kwa vita na umaskini, vingi vilikoma. Franz Bultot alikusanya hesabu zile za zamani katika atlasi iliyotoka kati ya 1971 na 1977. Si habari ndogo kwa watu wa Lualaba. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa katika miaka ya 1950, hutoa umeme wa machimbo kwa maji ya mto huo, na mto huishi kwa mvua ya miezi sita hivi. Mtu atakaye kujua kama mvua hiyo imebadilika tangu zamani, hana budi kufungua tena kurasa za Bultot, kisha aangalie miaka mingi isiyo na namba.